Ofisi Iliyokata Julai

Nyinyi vijana wa Husby, hapa Stockholm, mna tabia moja inayonikera. Mzazi anawasemesha kwa Kiswahili, nyinyi mnamjibu kwa Kiswidi, tena bila kuinua macho. Haya, jibuni mnavyotaka, ila leo nasema mimi. Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini baba yake, mwenye shahada ya uhandisi, aliendesha basi mpaka mgongo ukapinda, na kwa nini mama wa rafiki yake, aliyesomea maabara, aliishia kuondoka Märsta alfajiri kwenda kusafisha vyumba vya abiria uwanja wa ndege. Aliuliza kwa sauti ya kuwalaumu wazazi, eti hawakujua kujitetea. Mimi nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi iliyopima shahada za watu kama hao. Ukitaka kujua kwa nini, niulize mimi, uwaache wazee wapumzike.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni analeta cheti cha chuo cha kwao, sisi tunakisoma, tunakilinganisha na masomo ya hapa Uswidi, kisha tunaamua kina thamani gani, na kamati ya wakubwa inapitisha uamuzi. Mimi nilikaa meza ya vyeti vya Kirusi. Nilikuwa nimesomea ualimu wa lugha Leningrad, halafu nikamfuata mume wangu Stockholm, alikokuja kujifunza ufundi wa simu. Tulipanga Hagsätra, kule treni inakogeuzia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, vyeti vya Kirusi vilianza kumiminika, na pale ofisini aliyejua kuvisoma alikuwa mmoja tu, bibi mmoja Mwestonia aliyekaribia kustaafu. Wakanichukua. Msidhani walinipenda, walikosa mtu.

Siku hizo Waswidi walikuwa ndio kwanza wameanza kuitana “wewe” na kutajana kwa majina ya kwanza. Kabla ya hapo mkubwa aliitwa kwa cheo chake, na ukikosea cheo umejimaliza. Mkuu wetu alinipa mkono siku ya kwanza akasema, “Niite Gösta. Hapa sote ni sawa.” Nami, mshamba wa Tanga, nikafurahi kwelikweli, nikamwandikia mama yangu kwamba nimepata mkubwa asiye na makuu. Haikuchukua muda nikaelewa usawa wenyewe. Sisi sote tulikuwa na ruhusa ya kumwita Gösta, na Gösta peke yake alikuwa na ruhusa ya kukataa.

Aliyenifundisha kazi ni yule bibi Mwestonia, Bi Salme. Alikuwa mfupi, mkali, anavaa sweta mbili hata kiangazi. Aliikimbia nchi yake wakati wa vita na Warusi hakuwapenda hata chembe, lakini vyeti vyao alivisoma kwa haki, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumheshimu. Alinifundisha nianze na vidole, macho yafuate. Karatasi ya Kirusi ina ugumu wake, na nakala ya kweli iliyothibitishwa inashonwa kwa uzi, ncha za uzi zikabandikwa karatasi na kupigwa muhuri juu. “Ukiweza kusoma jina la mkuu wa chuo kwenye sahihi yake,” aliniambia, “anza kuwa na wasiwasi. Mkuu wa chuo wa kweli hana muda wa kuandika vizuri.” Alisema kweli. Katika miaka yangu yote, waghushi niliowakamata wengi wao waliponzwa na usafi.

Mmoja nitamkumbuka mpaka kufa. Alileta diploma yenye jalada jekundu, kifua mbele, hata kofia hakuvua. Sasa, kwa Warusi alama ya juu ni tano na mbili ni kufeli, na jalada jekundu hupewa waliofaulu kwa heshima tu. Ukipata tatu hata moja hulipati. Nikafungua ile karatasi ya ndani yenye orodha ya masomo. Kwenye hisabati tatu, kwenye fizikia tatu. Nikamwambia, “Kaka, aliyekutengenezea hiki hajasoma hata darasa la kwanza la huko. Rudi ukagombane naye.” Akavaa glavu zake taratibu akaniuliza kama tunapokea na yenye jalada la buluu.

Msicheke sana, maana wajinga hawakuwa upande wa waleta vyeti peke yao. Kwa Warusi mitihani mingi ni ya mdomo. Unaingia, unachagua tiketi yenye maswali mezani, unakaa pembeni ufikirie, kisha unajieleza mbele ya mwalimu naye anakubana mpaka jasho likutoke. Gösta hakuamini. Alitaka waombaji walete karatasi zao za mitihani, na wakisema hazipo anaandika “ushahidi haujakamilika”. Bi Salme akamweleza, nami nikamweleza. “Kwa hiyo huko,” Gösta akasema, “mtu anakuwa mhandisi kwa kuongea?”

“Na wewe umekuwa mkuu kwa kufanya nini?” Bi Salme akamuuliza. Mwaka ule ule akastaafu, na mimi nikabaki peke yangu na Gösta na penseli yake nyekundu.

Hiyo penseli ndiyo iliyowafanya baba zenu waendeshe mabasi. Gösta alikuwa na desturi aliyoiita kusafisha. Anachukua orodha ya masomo, anakata kila asichokitambua. Historia ya chama, nje. Uchumi wa siasa, nje. Mazoezi ya viungo, nje, kana kwamba Mrusi akiruka kamba anasahau hesabu. Mwisho anajumlisha kilichobaki na kutangaza kwa huzuni ya kanisani kwamba mwombaji amepungukiwa. Aliyepunguza ni yeye, na anayepungukiwa ni mwombaji! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana bado sijafika kwenye Julai.

Asiyeishi Stockholm hatanielewa, lakini nyinyi mtanielewa. Julai mji huu unafungwa. Fundi bomba hayupo, daktari wa meno hayupo, mwenye nyumba hayupo, wote wako kwenye vibanda vyao vya kiangazi wanapaka mbao rangi nyekundu na kula viazi vipya. Ukitaka kufa, subiri Agosti. Kwa Mswidi wa wakati ule huo ulikuwa utaratibu wa dunia nzima, kama jua linavyochomoza mashariki. Kule Urusi, mwanafunzi wa udaktari Julai ndiyo anapelekwa hospitali za mikoani. Anashona majeraha, anazalisha, anakesha wodini. Karatasi ya ndani inaandika wazi: mafunzo kwa vitendo, mwezi fulani mpaka mwezi fulani.

Gösta alipoliona neno Julai kwa mara ya kwanza, alinitazama kwa huruma.

“Mwanaidi, Julai hakuna mtu anayesoma.”

“Huko wanasoma.”

“Hapana. Hii ni kazi ya likizo. Hata binti yangu aliuza aiskrimu Julai.”

Akapitisha penseli. Tangu siku hiyo kila daktari, kila mwalimu, kila mhandisi wa Kirusi aliyefika kwetu alikatiwa Julai zake zote, na wengine na Agosti. Kwa daktari hilo lilikuwa pigo, kwa sababu sehemu kubwa ya kushika mgonjwa kwa mikono waliifanyia kiangazi. Nilibishana, nikaandika maelezo, nikaleta vitabu vya mitaala. Gösta alinisikiliza kwa adabu sana. Adabu ya Mswidi ni mlango uliopakwa rangi nzuri na kufungwa kwa ndani.

Basi katika hao waliokatwa alikuwamo Grace Achieng, Mkenya wa Kisumu, daktari aliyesomea Kharkov, Usovieti. Mrefu, sauti nzito, hacheki hovyo. Alikuja kwenye meza yangu akiwa ameshachoka na dunia. Alipomaliza masomo alirudi kwao kwa furaha, akakuta wakubwa waliosoma Uingereza wamekalia viti vyote. Wakamwambia daktari wa Warusi akatibu Warusi. Alipozidi kusumbua wakamwambia, haya, ukitambuliwa na nchi moja ya Ulaya Magharibi uje tukuone. Akaja Uswidi. Na sisi, kwenye fomu yetu, tulikuwa na swali letu tukufu: je, shahada hii inatambuliwa na nchi ya mwombaji? Kule wanamngoja Mswidi aseme, huku tunamngoja Mkenya aseme. Tukampiga danadana mtu mzima.

Na muda ulikuwa unamkimbia. Tulikuwa na kanuni kwamba mtu, awe daktari au mhandisi, akimaliza miaka mitano bila kazi ya fani yake inayohesabika, cheti chake kimelala, aanze chuo upya kabisa. Achieng alikuwa kwenye mwaka wa tano, na vuli hiyo ikiisha, udaktari wake ulikuwa unaisha nayo. Alijua. “Dada Mwanaidi,” aliniambia, “mimi siogopi kubeba mikojo. Naogopa mikono yangu itasahau.”

Maana ndivyo alivyokuwa anaishi, kubeba mikojo. Alikuwa msaidizi wa wodi katika hospitali moja kubwa ya mjini, anatandika, analisha, anaosha wagonjwa. Isipokuwa Julai. Kiangazi madaktari wa Kiswidi wakishakwenda vibandani, hospitali ndogo za pwani zinabaki tupu, kwa hiyo ziliruhusiwa kuajiri yeyote aliyesomea udaktari popote pale, mradi ni kwa kiangazi tu. Hapo hakuna aliyeuliza tiketi wala penseli. Kwa hiyo kila Julai Achieng alikuwa daktari kamili, anavaa koti jeupe, anasaini dawa, anaamkiwa “Daktari Achieng”. Agosti Waswidi wanarudi wameiva kwa jua, naye anarudi kwenye mabeseni ya haja, anaitwa Grace. Nilimpelekea Gösta uthibitisho wa hizo Julai zake za hapa hapa Uswidi, nikidhani sasa atanyamaza. Aliukata. Kazi ya likizo, akasema.

Hapa nitoe somo la kazi kidogo, kisha niendelee. Ukipeleka cheti chako popote, hata leo, hata kama ni cha Uswidi unakipeleka Amerika, usikubali jibu la “umepungukiwa” ukaenda kulia nyumbani. Uliza, “Mmekata nini?” Omba uonyeshwe kilichohesabiwa na kilichoachwa, somo kwa somo. Watu wa ofisi hawapendi swali hilo, na ndiyo maana uliulize. Baba zenu hawakuuliza kwa sababu walidhani aliyepima anajua kupima.

Sasa, Jumapili moja ya Agosti Achieng alikuja kwangu Hagsätra. Nilikuwa nakaanga vitumbua na mume wangu anasikiliza redio. Hakuvua hata koti.

“Dada, kuna nyanya mmoja ataniharibia kazi.”

“Nyanya gani tena?”

“Mzungu, mgonjwa. Julai nilimtibu kule pwani. Alianguka kwenye ngazi za kibanda chake akavunjika nyonga, halafu mapafu yakaanza kujaa. Wacha nikuambie, ilikuwa mbaya. Nilikaa na yeye mpaka akatoka hatarini. Sasa wamemleta kwetu mjini ajifunze kutembea. Naingia na beseni asubuhi, ananiona, anasema kwa sauti, ‘Habari za asubuhi, daktari!’”

Mume wangu akacheka. Achieng hakucheka.

“Shemeji, si ya kucheka. Aliwaambia chumba kizima, huyu ndiye daktari wangu. Daktari wa wodi alipopita, nyanya akamgombeza, ati kwa nini mnambebesha daktari wangu mikojo? Wakaangaliana. Sasa wameandika kwa faili yake amechanganyikiwa. Wanataka kumpeleka kwa ile nyumba ya wazee waliopoteza akili, na watu wake waachie nyumba yake.”

“Na wewe hukuwaambia?”

“Nilimwambia muuguzi mkuu. Nikamwambia huyu mama anasema ukweli, mimi nilikuwa daktari wake. Unajua alinijibu nini? ‘Tuna mgonjwa mmoja aliyechanganyikiwa, Grace, hatuhitaji na mfanyakazi.’”

Mnaweza kuuliza, si karatasi za kule pwani zilikuwa na jina la daktari? Zilikuwa nalo. Ziliandika Daktari Achieng. Lakini pale wodini hakuna aliyejua msaidizi Grace ana jina la pili. Usawa wao huo, kila mtu kwa jina la kwanza, na la pili linabaki kwa wenye koti jeupe. Nilisikia hasira mpaka vitumbua vikaungua. Achieng alikula viwili hivyo hivyo vyeusi akaondoka, kwa sababu alikuwa na zamu.

Kesho yake Jumatatu tulikuwa kwenye kahawa ya asubuhi pale ofisini. Mnajua Waswidi na kahawa yao. Wanazungumza hali ya hewa na barabara, ya nyumbani hayaletwi mezani. Siku hiyo Gösta aliweka kikombe chini akasema tu, “Mama yangu amepoteza akili.” Mwenzetu mmoja akaanza kukikatakata kipande chake cha mkate wa mdalasini vipande vidogo sana.

“Amefanyaje?” nikauliza.

“Anang’ang’ania kwamba msaidizi mmoja wa wodi ni daktari. Msaidizi Mwafrika. Anawagombeza madaktari wenyewe kwa ajili yake. Wiki ijayo wanamhamisha.” Macho yalikuwa yamejaa maji. “Alikuwa anajaza chemshabongo za gazeti mwezi uliopita, Mwanaidi.”

Nilimhurumia? Kidogo. Sitawadanganya, kidogo sana. Akili yangu ilikuwa kwenye jambo jingine.

“Julai mama yako alilazwa wapi?”

“Kule pwani, karibu na kibanda chetu.”

“Na daktari aliyemtibu huko?”

“Mzuri sana. Alimwokoa. Nilimpelekea maua, ingawa hatukuonana. Jina la kigeni, Achi, Achieni.”

“Na huyo msaidizi wa wodi anaitwa nani?”

“Grace, nadhani.”

Nikainuka, nikaenda kabatini kwangu, nikarudi na faili la Grace Achieng nikaliweka mbele yake, kando ya kahawa. Nilikuwa na maneno mengi ya miaka mingi, nikasema machache tu. “Soma jina lote, Gösta. Halafu uangalie penseli imepita wapi.”

Alisoma. Shingo ikaanza kuwa nyekundu, ikapanda mpaka masikioni. Mngetegemea nini? Mtu mwingine angesema Mungu wangu, angesema samahani. Yeye alisema, “Lakini huyu Julai alikuwa wa muda tu.”

“Alikuwa daktari au hakuwa?”

“Julai, ndiyo.”

“Basi mama yako anasema kweli.”

“Kwa Julai, ndiyo.”

“Nenda hospitali ukawaambie hivyo. Waambie mama yako ana akili, ila ni akili za Julai.”

Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani, kwa binadamu mchungu. Alivaa koti akaondoka bila kumaliza kahawa, na hilo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Kule akamkuta daktari wa wodi, bado pua inambanduka kwa jua la likizo. Gösta akamweleza kwamba mama hajachanganyikiwa, yule msaidizi kweli ni daktari. Daktari akamsikiliza kwa adabu, ile ile adabu, akamjibu kwamba watoto wa wagonjwa wote husema hivyo, ni upendo, tunauelewa. Kama msaidizi huyo ni daktari, familia ilete uthibitisho kutoka ofisi inayohusika.

Ofisi inayohusika ilikuwa sisi.

Alirudi mchana. Hakwenda chumbani kwake. Alikaa mbele ya meza yangu, kwenye kile kiti cha mbao wanachokalia waombaji, na kofia ameishika magotini kama walivyokuwa wakiishika wao.

“Tunaweza kutoa karatasi ya kusema tu kwamba alifanya kazi Julai?” akauliza.

“Kama ile ya binti yako na aiskrimu?”

“Unataka nini, Mwanaidi?”

“Mimi sitaki kitu. Rudisha Julai.”

“Zote?”

“Za Kharkov na za hapa.”

“Kamati itauliza msingi wake.”

“Iambie msingi ni mama yako.”

Hakuiambia hivyo, bila shaka. Aliandika sentensi ndefu ya Kiswidi safi, kwamba baada ya tathmini mpya, mafunzo ya kiangazi katika vyuo vya Kirusi yameonekana kuwa sehemu ya masomo yenyewe, na kazi ya udaktari hapa nchini ni kazi ya udaktari mwezi wowote. Maneno yale yale niliyokuwa nikimwandikia miaka yote. Kisha akachukua kifutio akafuta mistari ya penseli mwenyewe, mmoja mmoja, na mimi nikamtazama mpaka mwisho. Sikumsaidia.

Msije mkasema moyo wake ulibadilika. Hakubadilika hata nukta. Hakufanya kwa haki, alifanya kwa sababu safari hii kisu kilimkata mtu wake. Alipokuwa anasaini aliniambia, “Hii ni hali ya pekee, usiizoee.” Nikaitikia vizuri. Halafu niliitoa nakala sentensi yake ile ndefu, na kila faili la Kirusi lililofuata niliibandika mbele. Hili nalo ni somo la kazi. Mswidi wa ofisini haogopi mkubwa, haogopi laana. Anaogopa uamuzi wake wa leo usije ukatofautiana na wa jana. Ukishampata akaamua vizuri mara moja, hata kwa sababu mbovu, umeshika mkia, usiuachie. Wengine walirudishiwa Julai zao kwa njia hiyo. Wengine walikuwa wameshapitwa na miaka mitano yao, na hao ndio mliowakuta kwenye usukani wa mabasi.

Kamati ilikaa Oktoba, kabla vuli haijaisha. Achieng akatambuliwa. Hospitali ile ile iliyombebesha mabeseni ikampa kazi haraka sana, kwa sababu madaktari hawakutosha, na hakuna aliyeona haya. Bibi alikuwa bado wodini, kuhamishwa kwake kumesimamishwa kusubiri karatasi, lakini neno “amechanganyikiwa” lilikuwa bado kwenye faili lake. Ili lifutwe ilikuwa lazima daktari ampime akili na kusaini.

Gösta aliniomba nimsindikize siku hiyo. Nadhani hakujua amsalimie vipi mtu ambaye yeye alimkatia Julai zake. Nje mvua ilikuwa inanyesha ya upande, yeye amebeba maua, mimi nimebeba mwavuli. Achieng alikuwa ameshakaa kando ya kitanda, koti jeupe limemkaa sawa. Gösta akanyoosha mkono. Achieng akautazama, akasema, “Subiri kwanza, niko na mgonjwa,” akamgeukia bibi.

Alimuuliza maswali wanayoulizwa wazee kuonyesha kama akili ipo.

“Leo ni mwezi gani?”

“Oktoba,” bibi akajibu. “Siku nzima mvua.”

“Na hapa uko wapi?”

“Hospitali. Uji wenu haufai.”

“Mimi ni nani?”

“Wewe ni daktari wangu. Nimewaambia tangu Agosti.”

Achieng akaandika. Kisha akaelekeza kalamu miguuni mwa kitanda, alikosimama Gösta na maua yake yanayodondosha maji sakafuni.

“Na huyu ni nani?”

Bibi alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kichwani, hana haraka.

“Huyo ni mwanangu,” akasema. “Yeye ndiye aliyechanganyikiwa.”

Nilitazama uso wa Achieng. Alikuwa ameinamia faili, na akaandika kwa herufi kubwa, ili hata mwenye kusimama miguuni mwa kitanda aweze kusoma: mgonjwa amejibu yote sawasawa.